Queen bila Freddie, Sikinde bila Gurumo

Ukitaka kuvuruga kikao cha wapenzi wa roki, usiwaulize nani fundi zaidi wa gitaa. Hilo watabishana huku wanacheka. Waulize kama ile Queen, bendi ya Uingereza, iliyozunguka dunia na mwimbaji mpya, Adam Lambert, ni Queen kweli, au ni bendi ya harusi yenye taa nyingi. Hapo vikombe vinawekwa chini.

Tunaopenda muziki huu hapa Dar si wengi, na tunajuana. Kijiwe chetu kiko Kinondoni, kwa fundi mmoja wa redio na amplifaya, ambaye wateja wake wameshazoea kuambiwa "njoo Jumatatu" kwa sababu Jumamosi nzima imeliwa na ubishi. Fundi mwenyewe ndiye mwenye msimamo mkali kuliko wote. Kwake yeye Queen ilikwisha Novemba 1991, siku alipofariki mwimbaji wake Freddie Mercury, na waliobaki, Brian May na Roger Taylor, wanakula kiinua mgongo tu. John Deacon, mpiga besi, alijistaafia mwaka 1997 na jukwaani hakurudi tena; fundi humtaja huyo kama shahidi wake. Akizidiwa hoja anatoa turufu: Freddie ni mtoto wa Unguja, kazaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, kwa hiyo sisi ndio wafiwa, na wafiwa ndio wenye neno la mwisho. Turufu yenyewe ina mashaka. Akina Bulsara walihamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, na Queen haikuwahi kupanda jukwaa lolote la Unguja. Lakini nani atambishia mtu anayedai msiba?

Anayembishia ni mwalimu mmoja wa sekondari, mgonjwa wa bendi ya AC/DC.

"Haya fundi, nieleze. Bon Scott amefariki Februari 1980. Julai mwaka huohuo wenzake wametoa Back in Black na mwimbaji mpya. Mbona hiyo hujaizika?"

"Walileta albamu, mwalimu. Hao wa Lambert wameleta nini?"

Jibu hilo limenifikirisha kuliko mengi yaliyowahi kusemwa pale. Maana ni kweli, Back in Black inafunguka kwa kengele inayogongwa taratibu, kengele ya msiba hasa, halafu gitaa la Angus Young linaingia, na kabla upande wa kwanza haujaisha umeshamkubali Brian Johnson na kofia yake. Mwaka huo haujafika mwisho, dunia ilikuwa imeshasahau kuuliza. Queen na Lambert wamezunguka pamoja zaidi ya miaka 10, wamejaza viwanja, ila albamu ya nyimbo mpya hakuna. Kwa fundi wetu albamu ndiyo cheti cha ndoa. Bila hiyo mnaishi tu pamoja.

Mwalimu naye ana kidonda chake. Mwaka 2016 madaktari walimwambia Johnson aache kupiga viwanjani la sivyo masikio yatakufa kabisa, na AC/DC ikamchukua Axl Rose wa Guns N' Roses kumalizia ziara. Shoo za mwanzo Axl aliimba amekaa kitini, mguu umevunjika. Ukimtajia hayo mwalimu anasema yule alikuwa kibarua, si mwajiriwa. Lakini miaka miwili kabla ya hapo Malcolm Young, kaka yake Angus na mwanzilishi mwenzake, alikuwa ameshaacha bendi kwa maradhi ya kusahau, na gitaa lake la ridhimu likashikwa na mtoto wa kaka yao, Stevie. Malcolm alifariki 2017. Urithi huo wa ndani ya ukoo kijiweni hatujausikia ukipingwa na mtu yeyote. Angus naye, mzaliwa wa 1955, mpaka leo anapanda jukwaani na kaptula ya shule.

Mimi nimefika mahali nikaamini kwamba kinachotufanya tuwe wagumu kwa wazee hawa ni albamu zao wenyewe. Sahani ilimkamata mtu ana miaka 25 ikamzuia kuzeeka. Tukienda kwenye onesho lake ana miaka 75, tunakwenda na yule wa kwenye sahani masikioni, na tunataka wafanane.

Mchukue Pink Floyd. The Dark Side of the Moon ilitoka Machi 1973, lakini nyimbo zake walikuwa wanazipiga jukwaani tangu Januari 1972, zaidi ya mwaka mzima kabla. Walikuwa wanazitengeneza mbele ya watu: hiki kinapunguzwa, kile kinaongezwa, kinanda kinabadilishwa. Aliyewasikia mapema mwaka ule alisikia kitu kingine na hakulalamika, kwa sababu hakuwa na cha kulinganisha. Sahani ilipotoka mlango ukafungwa. Ilikaa kwenye chati ya albamu ya Billboard kwa wiki 741 mpaka 1988, na tangu hapo yeyote anayelipa kiingilio anaidai ileile, saa za kwenye rekodi zigonge palepale na sauti ya yule mama ilie palepale.

Ndiyo maana albamu ninayoipenda kuliko zote ni ya jukwaani: Made in Japan ya Deep Purple. Ilirekodiwa Agosti 1972, usiku wa tarehe 15 na 16 Osaka, na tarehe 17 Tokyo. Wenyewe hawakuitaka. Kampuni yao ya Japani ndiyo iliyoomba, nao wakakubali kwa masharti, mojawapo wawe na fundi mitambo wao, Martin Birch. Albamu yao ya studio, Machine Head, ilikuwa na miezi mitano tu sokoni, kwa hiyo nyimbo zilikuwa bado za moto na wapigaji hawajazichoka. Hata Smoke on the Water, ambayo leo kila anayejaribu gitaa dukani huanza nayo, ilikuwa bado habari mpya. Ni kisa cha kweli: Desemba 1971 walikuwa Montreux, Uswisi, kurekodi, mwanamuziki Frank Zappa anapiga kwenye kasino, mtazamaji mmoja akafyatua fataki ndani, jengo lote likateketea, moshi ukatanda juu ya ziwa. Wimbo unasimulia hivyohivyo, kama taarifa ya habari.

Lakini nikimtaka mtu aelewe ninachosema, simwekei huo. Namwekea Strange Kind of Woman. Studio ni wimbo wa dakika nne, wa kawaida tu. Osaka wanaubeba zaidi ya dakika tisa. Katikati bendi inateremka, drams zinabaki chini chini, na Ritchie Blackmore anapiga kipande kifupi cha gitaa, noti tatu nne. Ian Gillan anakirudisha kwa sauti, noti zilezile. Blackmore anapiga kingine kigumu zaidi, Gillan anakirudisha. Unasikia mpiga gitaa anavyomtega: anapindisha, anakatiza, anapanda juu. Mwimbaji haachi. Wanapanda pamoja mpaka Gillan anamaliza kwa ukelele mrefu, na hapo bendi nzima inarudi juu na watu wa Osaka wanapiga kelele. Huwezi kuyapanga yale. Usiku mwingine hayakuwa vilevile, na wala hayakutakiwa kuwa. Kuna sehemu nyingine katika albamu hiyo Gillan anamwomba fundi mitambo apandishe kila kitu kiwe na sauti kubwa kuliko kila kitu kingine. Fundi wetu wa Kinondoni anasema wateja wake wote huomba hivyohivyo.

Wengine pale wana zao, sitazifungulia faili. Kuna wa Exile on Main St. ya Rolling Stones, ile iliyorekodiwa sana kwenye chumba cha chini cha jumba la Keith Richards kusini mwa Ufaransa walipokuwa wanakimbia kodi ya Uingereza. Mimi naona ingekuwa sahani moja badala ya mbili ingekuwa kali zaidi, na Sticky Fingers inaishinda. Kuna wa Live at Leeds ya The Who, huyo namheshimu. Kuna kijana mmoja anayeamini roki ilianza na Nirvana. Tunamwacha, atakua.

Sasa Deep Purple hao wa Osaka, kabla hata mwaka haujapita Gillan na Roger Glover wa besi walikuwa wameshaondoka. Wakaja David Coverdale na Glenn Hughes. Ikavunjika, ikarudi 1984. Blackmore akaondoka kwa mara ya mwisho 1993, Jon Lord wa kinanda akafariki 2012. Aliyebaki tangu kuanzishwa mwaka 1968 ni mmoja tu, Ian Paice wa drams. Mpiga gitaa wa sasa, Simon McBride, hakuwa amezaliwa Made in Japan inarekodiwa. Na wanatoa albamu, ya mwisho kuisikia mimi ni ya 2024. Cheti kipo. Hata hivyo nusu ya kijiwe wanasema hiyo si Deep Purple.

Hapa ndipo huwa nawachokoza: mbona tunawadai Waingereza kitu ambacho hatujawahi kuwadai Msondo na Sikinde?

Kwa baba zetu ubishi ulikuwa huo, nao ulikuwa mkali kuliko wetu. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na chama kilipobadilika jina, bendi nayo ikabadilika: JUWATA, kisha OTTU, mpaka ikabaki yenyewe na jina la Msondo Ngoma, Baba ya Muziki. Mlimani Park, Sikinde, ilianza 1978 na kuanzia 1983 ikawa chini ya DDC, Shirika la Maendeleo ya Dar es Salaam. Wanamuziki walikuwa waajiriwa wa mshahara. Magitaa, vipaza sauti, spika na jina ni mali ya mwajiri. Mwanamuziki akihama anaondoka na koo lake na vidole vyake, basi.

Na walihama! Mwimbaji Maalim Muhiddin Gurumo alikuwepo NUTA tangu 1964, akaenda Mlimani 1978, akaenda Orchestra Safari Sound 1985, kisha akarejea kwa wafanyakazi na kubaki Msondo mpaka alipotangaza kustaafu 2013. (Mwaka huo Diamond Platnumz alimzawadia gari, mjadala wa kama mkongwe wa hadhi ile alipaswa kusubiri zawadi ya kijana ndipo apate gari, huo unahitaji makala yake.) Alifariki Aprili 2014. Hassan Bitchuka naye alivuka huku na huku, Shaaban Dede vilevile. Mwaka ule wa 1985 Hugo Kisima, mwenye Safari Sound, aliwabeba kwa mkupuo mmoja Gurumo, Bitchuka, Abel Balthazar na wengine kutoka Sikinde. Hebu fikiria Queen inapoteza waimbaji na mpiga gitaa katika wiki moja. Sikinde iliziba mapengo, ikaendelea kupiga, ikabaki Sikinde. Mashabiki walinuna, waliimba mafumbo, walitukanana kwa staha ya Kiswahili, ila sijasikia mzee hata mmoja anayesema Sikinde ilikufa 1985.

Mwaka huohuo Roger Waters aliondoka Pink Floyd na akataka jina lizikwe. David Gilmour na Nick Mason wakakataa. Wakapelekana kwa wanasheria, wakapatana mwishoni mwa 1987, jina likabaki kwa Gilmour na Mason. Dar kesi hiyo isingefika kwa wakili. Wangeuliza tu vyombo viko stoo ya nani.

Kuna jambo jingine ambalo naliona kubwa kuliko vyombo. Bendi zetu hazikuwa za albamu. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua sahani. Sahani zilitengenezwa Kenya, na mpaka wa nchi hizo mbili ulipofungwa 1977 njia hiyo ikawa ngumu. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania kwa ajili ya kurushwa hewani, na ukitaka kuzisikia vizuri ulikwenda ukumbini. Kwa hiyo wazee hawabishani albamu, hawana gamba la kushika mkononi. Wanabishana wimbo, mtunzi, na enzi: "hiyo ni ya wakati wa JUWATA." Na wimbo wenyewe waliusikia mara nyingi zaidi jukwaani, kila Jumapili na mpigaji tofauti kidogo, kuliko kwenye kitu chochote cha kuhifadhi.

Niliyaona haya siku niliyofuatana na baba mdogo DDC Kariakoo kuwasikiliza Sikinde. Yeye ni wa tangu zamani, anakaa meza ya pembeni karibu na spika, hachezi mwanzo wa wimbo. Mwanzo ni wa kusikiliza maneno. Waimbaji watatu wamesimama mbele, mmoja anatoa shairi, wawili wanaitikia, tarumbeta na saksafoni zinajibu kila mstari unapoisha. Watu wamekaa, wengine wanaimba kwa midomo bila sauti. Wakapiga Neema ya Cosmas Chidumule. Aliyeimba alikuwa kijana, pengine wimbo ulitoka hajazaliwa. Sauti yake si ya Chidumule hata kidogo, nyepesi, na alikuwa anaishia mistari mapema. Nikamtazama baba mdogo nione kama atakunja uso. Yuko kimya, vidole vinahesabu juu ya meza.

Kisha gitaa la solo likabadilisha, besi ikaanza kukimbia: chemko, ile sehemu ya kucheza. Viti vikasukumwa nyuma mara moja kama waliotumwa. Akina mama wawili waliokuwa wamevaa vitenge sare wakawa wa kwanza kufika katikati. Baba mdogo akainuka, akapitia jukwaani, akatoa noti akambandika yule kijana kwenye paji la uso lenye jasho, akaendelea kucheza kana kwamba hakufanya kitu. Aliporudi kukaa nikamuuliza vipi, si Chidumule huyu.

"Chidumule kaenda kwenye injili," akasema. "Huyu kashika nafasi."

Nafasi. Pale jukwaani kuna mahali pa kusimama, na swali la baba mdogo ni kama aliyesimama anapaweza usiku ule. Hamdai awe mwingine.

Ila nisiwapambe wazee kupita kiasi, kwa sababu mambo yameshaanza kugeuka. Kanda za Radio Tanzania sasa ziko YouTube. Mtu wa rika langu anaijua Neema kwa rekodi ileile moja, kaisikiliza kwenye daladala, jikoni, usiku kwa spika za masikioni. Usiku ule ukumbini nilijikuta naisubiri tarumbeta iingie palepale inapoingia kwenye rekodi. Ilichelewa, nikaudhika kabisa. Baba mdogo wala hakugundua. Nikitazama maoni chini ya video hizo naona vijana wanaoandika kwamba Sikinde ya sasa si Sikinde, na ukiwauliza walikwenda lini ukumbini hawajibu. Rekodi imewafikia na wao. Dansi limepata albamu yake, imechelewa tu.

Julai 2025 kijiwe kilikuwa na kazi moja: onesho la bendi ya Black Sabbath, tarehe 5, uwanja wa Villa Park, Birmingham, mitaa ileile waliyokulia. Wanne wa mwanzo wote, kwa mara ya kwanza baada ya miaka 20. Tony Iommi, aliyekatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani akiwa kijana na bado akapiga gitaa. Geezer Butler wa besi. Bill Ward, miaka 77, kifua wazi nyuma ya drams. Na mwimbaji, Ozzy Osbourne, amekaa kwenye kiti cha enzi cheusi kwa sababu ugonjwa wa Parkinson umemmaliza miguu. Walipiga nyimbo nne tu za Sabbath. Tarehe 22 mwezi huohuo Ozzy akafariki.

Fundi alitukusanya kama aliyeshinda kesi. Hiyo ndiyo bendi, alisema, wote wanne, inafungwa pale ilipozaliwa. Mwalimu akakumbusha kwamba sauti ilikuwa inapotea mara nyingi, na kwamba fundi huyuhuyu angemsikia Lambert akipotea vile angezima redio. Fundi akasema sauti si hoja. Tukamwambia arudie hilo neno ili tulirekodi.

Mimi nilishangilia War Pigs kama wote. Ila Sabbath hiyohiyo ilimfukuza Ozzy 1979, ikamchukua Ronnie James Dio, na mwaka uliofuata ikatoa Heaven and Hell, ambayo kwangu inazishinda kwa mbali albamu mbili za mwisho alizoimba Ozzy kabla hajafukuzwa. Dio hafanani na Ozzy kwa chochote. Kashika nafasi. Anayebisha asikilize upande wa kwanza tu, halafu aje Jumamosi.